Maski ya N95: Vaa, Kagua, Ndipo Uingie

Huenda wewe ni mhudumu wa afya wa kujitolea, mfanya usafi wa wodi, dereva wa ambulansi, au ndugu unayemuuguza mgonjwa wa kifua kikuu. Siku moja utapewa maski nyeupe, ngumu kidogo, yenye mipira miwili ya kuvutwa nyuma ya kichwa. Utaambiwa: "Vaa hii, uingie." Maski hiyo inaitwa N95. Makala haya yanaeleza jinsi ya kuivaa, jinsi ya kuikagua, na kwa nini ni haki yako kusimama mlangoni mpaka ikae vizuri usoni.

Tunawaandikia hasa wenzetu wa Lobule kule Koboko, na wa Rhino Camp na Imvepi, pamoja na wote wanaosindikiza wagonjwa hadi Hospitali ya Rufaa ya Arua.

KWA NINI TUNAOGOPA HEWA?

Kifua kikuu, yaani TB, huenea kwa njia ya hewa. Mgonjwa wa TB ya mapafu ambaye bado hajaanza dawa akikohoa, akipiga chafya au hata akiimba, hutoa chembe ndogo sana zenye vijidudu. Nyingi zina ukubwa wa mikroni 1 hadi 5, na mikroni 1 ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Huwezi kuziona. Hazianguki chini upesi kama mate. Katika chumba kilichofungwa zinaweza kuelea kwa saa kadhaa, hata baada ya mgonjwa kutoka.

Jambo hili si la mbali. Shirika la Afya Duniani liliiweka Uganda katika orodha ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa TB kwa miaka ya 2021 hadi 2025. Na sisi tunajua jinsi tunavyoishi: nyumba ya udongo, dirisha dogo au hakuna kabisa, na watu sita au zaidi wanalala ndani.

MASKI MBILI, KAZI MBILI

Watu wengi huchanganya maski hizi, kwa hiyo tuzitofautishe.

Maski ya kawaida ya bluu ni ya mgonjwa anayekohoa. Inazuia matone yanayotoka mdomoni mwake yasisambae chumbani. Pembeni iko wazi, kwa hiyo haimkingi vizuri anayevuta hewa ya chumba hicho.

N95 ni ya yule anayeingia kwa mgonjwa. Namba 95 maana yake ni kwamba kitambaa chake huzuia angalau chembe 95 kati ya kila 100, hata zile ndogo zilizo ngumu kuzikamata. Lakini hiyo ni kazi ya kitambaa. Hewa inayopita pembeni ya pua au chini ya kidevu haikupita kwenye kitambaa, na kwa hewa hiyo namba 95 haina maana yoyote.

Fikiria mama anayechekecha unga wa muhogo. Chekeche lake ni zuri, matundu yake ni madogo. Lakini wavu ukiachana na ukingo upande mmoja, makapi yote yatapita hapo, na posho italiwa na mchanga. Kosa si la wavu. Kosa ni la ukingo. Maski nayo ni hivyo hivyo.

KABLA YA MASKI

Maski si kinga ya kwanza. Mambo haya hutangulia:

1. Mtambue anayekohoa mapema, kwenye foleni. Mpe maski ya bluu na umwombe akae nje, kivulini, palipo na upepo.
2. Fungua milango na madirisha.
3. Makohozi ya kupima yatolewe nje, mahali pa wazi, si chooni wala katika chumba kidogo.
4. Ndani ya gari, shusha vioo vyote, hata kama kuna vumbi.
5. Mgonjwa aanzishiwe dawa upesi. Dawa inayofaa hupunguza haraka uwezo wake wa kuambukiza wengine.

Baada ya hapo ndipo N95 inamkinga yule ambaye ni lazima aingie.

JINSI YA KUIVAA

1. Nawa mikono kwa sabuni.
2. Itazame maski. Ikiwa imelowa, imechanika, imebonyea, au mipira yake imelegea, usiivae.
3. Iweke kiganjani, upande wa waya wa pua uelekee kwenye ncha za vidole, mipira ining'inie chini.
4. Anzia kidevuni, kisha ipandishe mpaka ifunike pua.
5. Vuta mpira wa juu uupitishe juu ya masikio, ukae nyuma ya utosi. Mpira wa chini upite chini ya masikio, ukae shingoni. Usiikatishe mipira ikafanya msalaba, na usiache mmoja ukining'inia kidevuni.
6. Kwa vidole vya mikono yote miwili, bonyeza waya kuanzia juu ya pua kushuka mashavuni. Usiubane kwa mkono mmoja, kwa sababu waya utajikunja kama pembe na kuacha tundu.

Akina mama na dada wanaojifunga kitambaa kichwani, mipira ikae chini ya kitambaa. Kitambaa, nywele za kusuka au hereni visiingie kati ya maski na ngozi.

JINSI YA KUIKAGUA

Hatua hii huchukua chini ya dakika moja, na ndiyo inayorukwa na watu wengi. Ifanye kila mara unapovaa, hata kama umeivaa maski ya aina hiyo mara mia.

Kwanza, funika maski kwa viganja viwili bila kuibonyeza, kisha toa pumzi kwa nguvu. Ukihisi upepo machoni, waya wa pua haujakaa. Ukihisi upepo mashavuni au kidevuni, rekebisha mipira.

Pili, vuta pumzi kwa ndani. Maski inapaswa kunywea kidogo kuelekea usoni. Ikiwa hainywei na unahisi ubaridi wa hewa pembeni, inavuja.

Ukiwa umevaa miwani na vioo vinapata ukungu, hiyo pia ni dalili kwamba hewa inapita juu ya pua.

Rekebisha, kagua tena. Ikikataa mara ya pili na ya tatu, tafuta maski ya aina au ukubwa mwingine. Nyuso zetu hazifanani. Maski inayomkaa daktari mwenye uso mpana inaweza kuvuja kwa msichana mwenye uso mwembamba.

Kuna pia jaribio linalofanywa na mtu aliyefundishwa. Unavaa maski, unafunikwa kichwa kwa kifuniko chenye kioo cha plastiki, kisha anapuliza ndani dawa chungu isiyo na madhara. Unapumua, unageuza kichwa, unainama, unaongea. Ukisikia uchungu mdomoni, maski hiyo si yako. Jaribio hili hufanywa kabla ya kuanza kazi na hurudiwa kila mwaka, au mapema zaidi ukikonda, ukinenepa au ukipoteza meno.

KUHUSU NDEVU

Hapa tuseme ukweli bila kumdharau mtu. Ndevu zinazopita chini ya ukingo wa maski huivujisha, hata zikiwa za siku mbili tu. Kuna wazee na vijana wanaofuga ndevu kwa imani yao. Huyo hakuja kazini kubishana. Anahitaji kupewa kazi isiyomweka kwenye hewa ile, au kupewa kifaa cha aina nyingine.

KIFAA CHENYE FENI

Kifaa hicho kipo, ingawa katika vituo vyetu vidogo si rahisi kukikuta. Unaweza kukiona kwenye picha za wodi za kutenga wagonjwa: mtu amefunikwa kichwa chote, ana kioo mbele ya uso, na bomba linashuka mgongoni hadi kwenye boksi lililofungwa kiunoni. Ndani ya boksi kuna feni na betri. Feni huvuta hewa kupitia vichujio na kuisukuma hadi kichwani, na hewa hiyo hutoka kwa nguvu chini ya kifuniko. Kwa kuwa ndani kunasukuma kuelekea nje, hewa chafu haiingii. Kifuniko cha aina hii, kisichobana uso, kinamfaa hata mwenye ndevu.

Lakini kifaa hiki nacho hakijikagui chenyewe. Ukikabidhiwa, hakikisha haya:

- Betri imejaa na imekaa imara mahali pake. Mahali ambapo umeme hukatika au sola ni ndogo, ijazwe tangu jana.
- Vichujio ni vya kifaa hicho, ni vikavu, na vimefungwa mpaka mwisho.
- Bomba halina ufa, na kifuniko hakijachanika.
- Upepo unatosha. Vifaa hivi huja na kipimo kidogo cha kupachika kwenye bomba, na alama yake lazima ipande kupita mstari. Kwa vifuniko visivyobana uso, kiwango cha Marekani ni angalau lita 170 za hewa kwa dakika.
- Washa feni kwanza, vaa kifuniko baadaye, na usikie upepo usoni kabla ya kuingia.

Feni ikizima au king'ora kikilia, toka chumbani kwa utulivu. Usivue kifuniko ukiwa ndani. Kumbuka pia kwamba kelele ya feni inazuia kusikia, kwa hiyo kubalianeni ishara za mikono na mwenzako mapema. Vichujio haviloweshwi wala havioshwi.

KUVUA NA KUTUNZA

Toka kwanza chumbani, funga mlango, ndipo uvue. Usishike mbele ya maski. Inua mpira wa chini kwanza, kisha wa juu, uiondoe usoni ukiwa umeishika kwa mipira. Halafu nawa mikono.

Ukiambiwa uitumie tena kwa sababu maski ni chache, iweke katika mfuko wa karatasi wenye jina lako, mahali pakavu. Usiiweke katika mfuko wa nailoni, kwa maana jasho halikauki humo. Usiioshe, usiianike juani, usimwazime mwenzako. Ikilowa, ikichafuka au ikishindwa ukaguzi, kazi yake imekwisha.

SOMO KUTOKA GULU

Wengine watauliza: je, na Ebola? Ebola haienei kama TB. Njia yake kuu ni kugusa damu, matapishi na majimaji mengine ya mgonjwa au maiti. Kwa hiyo huko maski peke yake haitoshi. Kunahitajika pia glavu, gauni, buti na kinga ya macho. Lakini kanuni ya ukingo ni ile ile.

Katika mlipuko wa Gulu wa mwaka 2000 hadi 2001 waliugua watu 425, na 224 walifariki. Mmoja wao alikuwa Dk. Matthew Lukwiya, mganga mkuu wa hospitali ya Lacor, aliyefariki Desemba 2000. Yeye ndiye aliyeutambua ugonjwa pale na kuwafundisha wenzake kujikinga. Inaelezwa kwamba usiku mmoja alikimbia kumsaidia muuguzi mgonjwa, akiwa amevaa maski, gauni na glavu, lakini macho hayakuwa na kinga. Hatumlaumu, tunamheshimu. Lakini tujifunze: ugonjwa hautafuti mahali ulipojifunika, unatafuta mahali palipobaki wazi. Na katikati ya mwaka 2019 Ebola ilifika Ariwara, mji wa Kongo ambako wengi wetu huenda sokoni.

KUSIMAMA MLANGONI SI UKAIDI

Ndugu msomaji, katika kazi zetu aliye chini huona aibu kusema. Mfanya usafi anapewa maski iliyobaki. Mhudumu wa kujitolea anaogopa kuambiwa ni mwoga. Anaingia na maski inayovuja, na miezi baadaye yeye ndiye anayekohoa kwenye foleni.

Sheria ya Uganda ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006 inamtaka mwajiri awape wafanyakazi vifaa vya kujikinga vinavyofaa. Maski isiyokukaa haifai, hata kama ni mpya. Kwa hiyo sema kwa heshima: "Mkubwa, hii inavuja, naomba nyingine." Nawe msimamizi, anayekuambia hivyo anakuokolea mfanyakazi na familia yake. Mshukuru.

Mwisho, usimsahau mgonjwa. Maski inatisha. Kabla ya kuivaa, msalimie kutoka mlangoni ili auone uso wako, kwa Kikakwa, Kilugbara, Lingala au lugha yoyote anayoielewa. Mweleze kwamba maski ni ya kuzuia vijidudu, si ya kumkimbia yeye, na kwamba TB inatibika: kwa TB ya kawaida dawa ni za miezi 6, na akizimaliza zote atapona.

Kisha vaa. Kagua. Ndipo uingie.