Kutoka mfuko mgongoni mpaka fimbo mkononi

Ukisema "Golf" ku Lubumbashi, watu wanafikiri kwanza kartie: nyumba za wakubwa, kuta ndefu, walinzi ku mlango. Mchezo wenyewe ni wachache wanaouona. Kwetu Walikale ndiyo kabisa, tunauona paka ku televisheni, na mwenye rimoti anabadilisha upesi kutafuta futiboli. Basi kwa nini leo tunaandika juu ya gofu? Ni kwa sababu ya mtu mmoja wa Mumias, Kenya ya magharibi, anaitwa Dismas Indiza. Kazi yake creuseur yeyote ataielewa bila kuelezwa mara mbili.

Indiza alianza akibeba mfuko wa wengine. Mchezaji wa gofu anaruhusiwa fimbo mpaka 14, na mfuko wake unaweza kufika kilo 15 ao zaidi. Kuzunguka mashimo yote 18 ni kutembea kilometa saba, nane, hata kumi. Tajiri habebi, anabeba kijana wa kijiji. Waliotoa kasiterite Bisie mpaka Njingala, kilo 50 mgongoni, matope na mizizi ya miti, watacheka kidogo hapa, na wana haki. Lakini yule kijana wa gofu anapata kitu ambacho mfuko wa kasiterite hautoi: anaona. Anaona namna mkubwa anavyoshika fimbo, anavyopima upepo, anavyokosa. Siku wenyewe hawako uwanjani, anajaribu. Wachezaji wengi wa kulipwa wa Afrika mashariki walipita ku mlango huo huo.

Mumias yenyewe ni mji wa kampuni, kampuni ya sukari. Wazee wetu wanaokumbuka SOMINKI wanajua miji ya namna hiyo: kampuni inaleta kazi, inaleta duka, inaleta na michezo ya mabosi. Kisha siku moja hesabu zinakataa. Mwaka 2019 kampuni ya Mumias iliwekwa chini ya msimamizi juu ya madeni. Kufika siku hiyo, yule mbeba mfuko wa zamani alikuwa anaishi miaka mingi kwa fimbo yake mwenyewe.

Na kuishi kwa fimbo ni nini? Hapa tusikilizane vizuri, juu ya vijana wetu wanafikiri mchezaji wa kulipwa ana mshahara. Wa futiboli, ndiyo, klabu inamlipa hata akikaa ku benchi. Wa gofu hana klabu ya kumlipa wala mwisho wa mwezi. Analipa safari, analipa kulala, analipa kula, analipa mtu wa kumbebea mfuko. Mashindano makubwa ni siku nne, Alhamisi mpaka Siku ya Mungu. Ijumaa jioni kunakuwa mchujo: wanabaki 65 wa kwanza na wale waliolingana na wa 65. Wengine wote wanarudi nyumbani bila hata dola moja ya zawadi. Wamecheza siku mbili, wamepiga mashimo 36, na makuta yao yamekwisha njiani. Si ni shimo letu hilo? Unanunua mbao, mafuta ya pompe, chakula cha kundi, yote kwa deni la négociant, kisha unafika chini na jiwe halina kitu.

Uwanja mkubwa wa mapambano hayo kwetu upande huu ni Kenya Open, iliyoanza mwaka 1967. Mhispania Seve Ballesteros aliishinda 1978, mwaka mmoja tu mbele ya kushinda Open ya Uingereza. Mkenya hajaishinda hata mara moja. Aliyekaribia kabisa ni Jacob Okello: mwaka 1998 alimaliza wa pili, nyuma ya Ricardo González wa Argentina. Tangu 2019 mashindano hayo yameingia ku kalenda kubwa ya Ulaya. Mwaka 2023, ku uwanja wa Muthaiga, zawadi yote pamoja ilikuwa dola milioni 2. Wakenya waliingia wengi, akapita mchujo kijana mmoja peke yake, Njoroge Kibugu. Ni kusema milioni mbili zilikuwa Nairobi, na karibu zote zikapanda ndege.

Ndiyo maana mwaka 2018 Kenya ilianzisha mfululizo wa mashindano yake, Safari Tour, ili wachezaji wa pale wawe na mahali pa kupigania mwaka mzima, na wanaofanya vizuri wapate nafasi ku Kenya Open. Indiza ameshinda humo mara kadhaa, akiwa mkongwe kati ya vijana ambao angeweza kuwazaa. Sisi tunaona hiyo ni kazi kubwa kuliko kombe moja la bahati.

Kuna mwingine aliyepita njia hiyo mpaka mwisho wake: Lee Trevino, Mmarekani wa damu ya Mexico, aliyezaliwa Dallas mwaka 1939. Baba hakumjua. Alilelewa na mama na babu, na babu alikuwa mchimba makaburi. Akiwa mtoto alifanya kazi ku mashamba ya pamba, kisha akabeba mifuko ya gofu. Shule aliacha na miaka 14. Mwaka 1968 alimshinda Jack Nicklaus ku US Open, na akafikisha makombe makubwa sita. Mwaka 1975, karibu na Chicago, radi ilimpiga uwanjani ikamharibu mgongo. Wakampasua, akarudi, na 1984 akashinda tena kombe kubwa akiwa na miaka 44. Huyo alikuwa anasema presha ya kweli ni kucheza kwa dola tano wakati mfukoni una mbili.

Jambo moja bado, kwa wale wanaobeba. Kawaida ya gofu ya kulipwa ni kwamba mbeba mfuko ana malipo yake ya wiki, na mchezaji akishinda anamkatia karibu asilimia 10 ya zawadi. Ijumaa jioni, mchezaji aliyeanguka ku mchujo anafunga mizigo yake mikono mitupu. Mbeba mfuko, yeye, analipwa mbele ya wote kutoka uwanjani.