Umeme Hauchukuliwi kwa Dumu

Dereva aliyeishiwa petroli kati ya Mkata na Segera hana sababu ya kukata tamaa. Atasimamisha pikipiki, atampa kijana fedha na dumu, na baada ya muda ataendelea na safari, pengine amekasirika lakini salama. Mwenye gari la umeme hawezi kuokolewa hivyo. Betri ikimwishia porini usiku, gari lake halina budi kuvutwa au kupakiwa juu ya lori.

Tunalisema hili mapema kwa kuwa magari hayo yanakuja. Tangu mwaka 2018 yamekuwapo huko kaskazini magari ya watalii yaliyoondolewa injini na kuwekewa mota ya umeme. Ethiopia nayo, mwaka 2024, ilipiga marufuku kuingiza nchini humo magari binafsi ya petroli na dizeli. Yatakayowafikia wananchi wetu wa kawaida, kwa maoni yetu, ni yale yaliyokwisha tumika Japani, kama yalivyotufikia mengine yote. Hapo ndipo penye hesabu.

Chukua Nissan Leaf yenye betri ya uniti 40, uniti zile zile tunazonunua kwa LUKU. Ilipokuwa mpya, Wamarekani waliipima wakaona inakwenda kilomita 243 kwa chaji moja. Ile ya mwanzo kabisa, ya uniti 24, ilipimwa kilomita 117 tu. Betri huchakaa kadiri miaka inavyopita, na joto huzidi kuichakaza. Ya gari hili haina hata mfumo wa kupozwa kwa maji. Sasa kutoka Dar es Salaam hadi Korogwe ni karibu kilomita 300, na kutoka Korogwe hadi Moshi ni zaidi ya 250. Hata gari jipya lenye uwezo wa kilomita 400 halitafika Moshi bila kusimama. Kituo kimoja Dar es Salaam na kingine Arusha, hata vikiwa vizuri namna gani, havitamsaidia msafiri huyu.

Mahali pa kusimama panajulikana tangu zamani. Reli kutoka Tanga ilifika Korogwe mwaka 1902, na Moshi ikafikiwa mwaka 1911. Hadi leo basi la Arusha likiingia Korogwe abiria hushuka wakala, isipokuwa wale walioshindwa kuvumilia na ambao wamekwisha chimba dawa njiani. Chaja ya kasi ya kilowati 50 huijaza betri tuliyoitaja hadi asilimia 80 kwa muda unaokaribia saa moja. Tundu la kawaida la ukutani lingehitaji usiku kucha na zaidi. Saa moja inatosha kula, kuswali na kununua machungwa. Mama lishe na wauza matunda wa Korogwe wangekuwa na mteja ambaye hata akitaka kuondoka hawezi.

Lakini ipo shida ambayo wenye kupanga mipango husahau kwa urahisi. Transfoma nyingi za vijijini ni za kVA 50 au 100. Chaja moja ya kasi inaweza kuimeza transfoma nzima, na kijiji kikabaki na taa zinazofifia ili mgeni wa Masaki apate kufika Moshi. Wananchi wa Hale wamekuwa jirani na kituo cha kufua umeme cha megawati 21 tangu mwaka 1964, na mgao wa mwaka 2023 haukuwapita watu kwa sababu ya ujirani wa namna hiyo. Hatuoni haki yoyote katika kuwaomba wapishe tena. Kituo cha kuchaji kiwe na transfoma yake, na gharama yake ilipwe na wanaochaji.

Handeni ni habari nyingine. Lami ya kilomita 65 kutoka Korogwe ipo, ingawa ni ya kupanda, na gari la tani moja na nusu likipanda mita 400 hula karibu uniti mbili zaidi ya kawaida. Hata hivyo mkazi wa Kwamatuku au Sindeni hasafiri kwa gari dogo. Anapanda bodaboda, na mama mjamzito hupelekwa hospitali kwa bodaboda hiyo hiyo. Betri ya pikipiki ya umeme ni ya uniti chache tu, inabebeka kwa mikono. Huko Kigali waendesha pikipiki huacha iliyokwisha wakachukua iliyojaa na kuondoka kwa dakika chache. Kwa Handeni huo ndio mpango wa kuanza nao, tena hauhitaji transfoma kubwa.

Tunawaomba wahusika mambo mawili. TANESCO na halmashauri za Korogwe zitenge sasa eneo la kuchajia, lenye kivuli na taa za usiku, kabla viwanja vyote vya kando ya barabara havijauzwa. Nao wanaosimamia viwango waamue mapema aina ya plagi, kwa maana gari la Japani, la Ulaya na la Uchina kila moja linaweza kuja na yake, na dereva aliyefika Korogwe na asilimia tano ya chaji hatafaidika na chaja isiyoingia katika gari lake.