Kompyuta ya Mzazi Singida: Kwa Nini Msaada wa Mbali Hukwama, na Tahadhari za Kuchukua

Umbali kati ya Dar es Salaam na Singida ni takribani kilomita 700. Kwa familia yenye mzazi anayeishi Kiomboi, Nduguti au Manyoni na kompyuta ya miaka mingi, umbali huo ndio unaoipa thamani teknolojia ya kuunganisha kompyuta kwa mbali. Mtoto aliye mjini huona kioo cha kompyuta ya nyumbani, husogeza kishale chake na kurekebisha tatizo bila kupanda basi. Pengine ndani ya kompyuta hiyo zimo hesabu za alizeti, kumbukumbu za kikundi cha akiba au nyaraka za mafao ya kustaafu.

Hata hivyo, muunganisho huo hukwama mara kwa mara kwenye kompyuta za zamani, na haraka ya kuurejesha inaweza kumshawishi mtu kuzima kinga za kompyuta au kumpa mtu baki namba za siri. Chanzo cha mkwamo hupatikana kwa urahisi zaidi pale kinapotafutwa kwa mpangilio.

Kuuliza kabla ya kuelekeza

Hatua ya kwanza ni kumwomba mzazi aeleze anachokiona. Swali kama “Shikamoo baba, naomba unisomee maandishi yaliyo katikati ya kioo” huleta jibu lenye manufaa kuliko agizo la kubonyeza kitufe asichokijua. Ujumbe wa hitilafu unaweza pia kupigwa picha kwa simu na kutumwa.

Saa ya kompyuta

Sababu inayosahaulika kwa urahisi ni tarehe. Ndani ya kompyuta kuna betri ndogo ya duara, ambayo katika kompyuta nyingi za mezani ni ya aina ya CR2032, inayoendesha saa wakati umeme haupo. Betri hiyo ikiisha nguvu, kila umeme unapokatika kompyuta huweza kuwaka ikiwa na tarehe ya miaka mingi iliyopita.

Programu za kuunganisha huthibitisha usalama kwa vyeti vya kidijitali vyenye tarehe ya kuanza na ya kuisha. Kompyuta inayodhani iko mwaka 2009 huona vyeti vya leo havijaanza kutumika, hivyo hukataa kuunganishwa. Dalili yake ni kwamba intaneti ipo, lakini tovuti nyingi zinatoa onyo la usalama. Kusahihisha tarehe na mwaka huondoa tatizo kwa muda. Kubadilisha betri huliondoa kabisa.

Intaneti na usingizi

Nyumba nyingi hutegemea modemu au simu ya mkononi kwa intaneti. Bando likiisha, au simu ikihamishwa chumba kingine, muunganisho hukatika. Mtandao ukiwa hafifu, msaidizi anashauriwa kupunguza ubora wa picha katika programu yake na kuondoa picha ya mandhari kwenye kioo. Kompyuta pia ikiingia katika hali ya kulala haiwezi kufikiwa. Mzazi huombwa kuiamsha, au mpangilio wa kulala hubadilishwa.

Wapo wanaojaribu kuifikia kompyuta moja kwa moja kwa anwani yake ya intaneti na kushindwa. Kwa kawaida mitandao ya simu huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja. Programu kama AnyDesk na TeamViewer huvuka kikwazo hicho kwa sababu pande zote mbili hukutana kwenye seva ya kati.

Umri wa mfumo endeshi

Microsoft ilisitisha msaada wa Windows XP tarehe 8 Aprili 2014, Windows 7 tarehe 14 Januari 2020, na msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Kivinjari cha Chrome nacho kilikoma kutoa matoleo mapya kwa Windows 7 na Windows 8 baada ya toleo la 109 la mwaka 2023. Hivyo programu iliyofanya kazi mwaka jana inaweza kukataa leo kwa sababu upande mmoja umesasishwa na mwingine umebaki nyuma. Aidha, matoleo ya Windows yaitwayo Home hayapokei muunganisho wa Remote Desktop. Hapo hakuna kilichoharibika, bali huduma hiyo haimo.

Wakati mwingine msaidizi huunganishwa vizuri, kisha kioo chake huwa cheusi au kishale hukataa kubonyeza. Huenda Windows inaomba idhini ya msimamizi, na dirisha hilo limezuiwa kwa msaidizi. Mzazi ndiye anayepaswa kulisoma na kukubali.

Tahadhari

Njia inayomfikisha mtoto kwenye kompyuta ya mzazi ndiyo hiyohiyo anayoitafuta tapeli. Anayepiga simu bila kutarajiwa, akijitambulisha kuwa mtumishi wa benki au fundi wa kampuni na kuomba namba inayoonekana kwenye programu ya kuunganisha, asipewe. Simu ikatwe, kisha mzazi ampigie mwanawe kwa namba anayoifahamu.

Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kuingia katika mfumo wa kompyuta kwa makusudi na bila uhalali. Ujumbe wa kitapeli unaopokelewa kwa simu hutumwa kwenda namba 15040.

Msaidizi naye hapaswi kuzima kinga ya kompyuta ili muunganisho ukubali, wala kuacha nywila ya kudumu inayomwezesha kuingia mzazi asipokuwepo. Ni vyema mzazi aidhinishe kila muunganisho, abaki mbele ya kioo hadi kazi iishe, kisha aifunge programu mwenyewe.

Kwa kompyuta ambayo mfumo wake hausasishwi tena, nakala za nyaraka muhimu zihifadhiwe kwenye diski ya nje, na miamala ya fedha ifanyike kwa kifaa kingine.