Tarakimu Chini ya Fidla

Mtu wa Gando, kule kaskazini magharibi mwa Pemba, hahitaji kufundishwa sauti ya fidla. Ameizoea katika taarabu ya Unguja, ikimjibu mwimbaji kila anapomaliza kipande. Pengine asichokizoea ni fidla kuachiwa uwanja yenyewe, mwimbaji hayupo, na vyombo viwili vitatu vimekaa nyuma vikiishikia chini. Muziki wa namna hiyo ndio alioutoa mtunzi Arcangelo Corelli mjini Rome tarehe 1 Januari 1700, mwaka mmoja na siku chache tu baada ya Waomani kuiteka Ngome ya Yesu, Mombasa. Kitabu chake, Opus 5, kina sonata 12. Neno sonata ni la Kitaliano: kitu cha kupigwa, si cha kuimbwa.

Fungua ukurasa wake wowote: mistari miwili basi. Wa juu ni wa fidla. Wa chini una noti za besi, na pembeni yake tarakimu, utadhani karani wa karafuu amesahau hesabu zake humo.

Tarakimu hizo ndizo roho ya kontinuo, yaani besi pamoja na sauti zinazojaziwa juu yake. Mpiga chelo hupiga besi kama ilivyoandikwa. Mwenzake wa hapsikodi (iite kanuni iliyotiwa vitufe, maana nyuzi zake hudonolewa) hujazia sauti za kati ambazo hakuna aliyeziandika. Besi ikiwa do na haina tarakimu, ataongeza mi na sol. Ikiandikwa 6, ataongeza mi na la. Azipige kwa pamoja au azitawanye, azijaze au azipunguze, hilo shauri lake. Wengine hutumia thiobo, chombo kirefu cha jamii ya luti, na jina luti limetoka kwa Kiarabu al-ud. Kwa hiyo thiobo na udi wa Mji Mkongwe ni ndugu.

Ila undugu huo usimpoteze msikilizaji. Katika taarabu, udi, kanuni na fidla hufuata lahani moja, kila kimoja kikiipamba kivyake. Kwa Corelli besi ina njia yake, na utamu hutoka pale inapopishana na fidla.

Kwenye mapambo ndiko taarabu na Corelli wanakokutana tena. Katika vipande vya polepole Corelli aliandika noti chache, ndefu, kama mifupa mitupu. Mwaka 1710 mchapishaji Estienne Roger wa Amsterdam alizichapa upya sonata hizo pamoja na madoido, akidai ndivyo Corelli mwenyewe alivyozipiga. Mpiga fidla wa taarabu akiyaona hatashangaa. Kazi hiyo huifanya bila karatasi.

Anayetaka kuonja na aanze na sonata ya 12, La Follia. Asiifukuzie fidla. Aitegee sikio besi, ambayo hurudi na kurudi karibu ile ile, huku fidla ikibadili nguo juu yake.