Upinde, Spreyi na Hewa ya Tanga

Upinde si kazi ya kila siku katika karakana za Tanga. Mafundi wa Ngamiani na Chumbageni wanaishi kwa vitanda, milango na makochi, na wengi wao wanapuliza vanishi kwa ustadi kuliko wanavyolipwa. Lakini mtu akileta upinde aliouchonga mwenyewe kwa ajili ya kulenga shabaha, akataka umaliziwe kwa spreyi, mazoea ya kabati hayatoshi. Kabati likishakauka linasimama pale pale miaka yote. Upinde unavutwa mamia ya mara, na kila unapovutwa, mgongo wake, yaani upande unaotazama shabaha, unarefuka, huku tumbo linaloelekea kwa mvutaji likibanwa.

Kurefuka huko kunakaribia asilimia 1: sentimita 10 za mgongo zinaongezeka kwa karibu milimita 1. Jicho halioni, vanishi inaona. Vanishi ya nitroselulosi, ile inayokauka haraka na kuchanganywa na thina, ikiwa mpya inavumilia. Ikizeeka inapoteza vilainishi vyake, inakakamaa, na kama ilipulizwa nene inakatika mistari myembamba mgongoni kote. Ubaya wa mistari hiyo si sura peke yake. Mwenye upinde anapaswa kuukagua mgongo kila mara kabla ya kuvuta, kwa sababu nyuzi za mti zikianza kuinuka upinde unaweza kumvunjikia mkononi. Vanishi iliyochanikachanika inamziba macho: hajui kilichopasuka ni rangi au ni mti.

Kwa hiyo vanishi ya upinde iwe nyembamba. Hilo ni jepesi kulisema. Kazi iko kwenye hewa ya pwani.

Chukua siku ya kawaida Tanga, joto nyuzi 28 na unyevu asilimia 80. Ubao ukikaa kwenye hewa hiyo kwa muda wa kutosha, maji yake yanafikia asilimia 15 au 16 ya uzito wake mkavu. Wachongaji wa pinde wanapenda asilimia 8 hadi 10. Ubao wenye maji mengi unalegea, na upinde ukivutwa ukiwa hivyo unabaki umejikunja hata ugwe ukivuliwa. Ndiyo maana upinde wa pwani ukaushwe kwanza ndani ya sanduku la mbao lenye balbu ya kutoa joto. Hewa ile ile ikipashwa hadi nyuzi 38, unyevu wake unashuka hadi asilimia 46 hivi, na ubao ulioachwa humo siku kadhaa unafika asilimia 8 bila mashine ya gharama. Upulize mara tu mikono yote miwili ya upinde ikishasawazishwa ipinde sawasawa na mishale ya majaribio imerushwa, wala usiuache varandani usiku kucha kati ya sanduku na spreyi.

Sasa njoo kwenye ule weupe unaowasumbua hata mafundi wa makochi. Vanishi imepulizwa safi, baada ya dakika chache inaota ukungu kama maziwa. Wengi wanailaumu thina kuwa imechakachuliwa, na pengine ni kweli, lakini mara nyingi kosa ni la hewa. Thina inapoyeyuka inachukua joto la uso wa ubao. Kwa nyuzi 28 na unyevu wa asilimia 80, uso ukipoa nyuzi 4 tu, mvuke unageuka umande juu ya vanishi mbichi. Unyevu ukiwa asilimia 50, uso ungehitaji kupoa zaidi ya nyuzi 11 kabla ya umande kutokea. Kwa hiyo tafuta thina inayokauka polepole, na pulizia kati ya saa nne asubuhi na saa saba mchana, jua likiwa limeshakausha hewa na upepo wa bahari haujakaza. Alfajiri ni baridi na inapendeza kufanyia kazi. Kwa spreyi ndiyo saa mbaya kuliko zote.

Maji mengine yanapitia kwenye mpira wa kompresa. Mita moja ya ujazo ya hewa hiyo ya Tanga ina gramu 22 hivi za maji. Kompresa inapoibana mara nane kisha ikapoa ndani ya tangi, zaidi ya gramu 15 zinaanguka kama maji, na zisipotolewa zinafuata mpira hadi kwenye bunduki ya spreyi, zinatemwa juu ya upinde kwa madoa ya duara. Fungua koki ya chini ya tangi kila asubuhi na kila baada ya kazi kubwa, na weka kichujio cha maji karibu na bunduki, mbali na kompresa, ili hewa iwe imepoa kabla ya kukifikia.

Kupuliza kwenyewe hakuna siri kubwa. Ning'iniza upinde kwa mkato wa ugwe, wima. Tumia mdomo wa milimita 1.3, finya upana wa mpulizo ulingane na mkono mwembamba wa upinde, maana mpulizo mpana unapotea hewani. Simama sentimita 15 hadi 20, anza kupuliza kabla ya kufika kwenye mti na uache baada ya kuupita, kingo kwanza, kisha mgongo na tumbo. Mikono minne myembamba ya vanishi inatosha, ukipitisha msasa namba 320 katikati. Kwenye ncha punguza zaidi, kwani uzito wa ncha ndio unaochelewesha mshale. Kama mshikio ni wa mtiki wa Longuza, kule Muheza, ufute kwa kitambaa chenye thina dakika chache kabla ya mkono wa kwanza. Mafuta yake ya asili yanazuia vanishi kushika.

Mimi ningechagua vanishi ya poliyurethani ya kopo moja kuliko nitroselulosi, kwa sababu inakubali kupinda. Klia ya magari inayochanganywa na hadina ni imara kuliko zote mbili, lakini hadina hiyo ina isosayaneti, kemikali inayoweza kumpa fundi pumu ya maisha, na barakoa ya kitambaa haizuii kitu. Bila kinyago chenye vichujio vya kemikali na mahali penye hewa, achana nayo.

Kuna watakaouliza kwa nini tusipake mafuta tu. Mafuta ya nazi hayakauki kamwe, yanabaki mafuta. Wajenzi wa mashua wa pwani hii walilijua hilo, wakapaka mbao za juu ya maji kwa sifa, mafuta ya maini ya papa, ambayo hukauka nusunusu na kushika. Lakini mvuke unapita kwenye mafuta kwa urahisi kuliko kwenye vanishi. Na vanishi bora ya karne ya 19 ilitoka hapa hapa: sandarusi, utomvu wa msandarusi uliochimbwa ardhini kwenye pwani ya Mrima, ukapelekwa Unguja na kununuliwa na wafanyabiashara wa Salem, Marekani, nchi iliyokuwa na mkataba na Sultani Sayyid Said tangu 1833. Ulipikwa na mafuta ya kitani ukang'arisha magari ya farasi ya Ulaya na Marekani. Leo tunanunua vanishi ya kopo.

Hata vanishi nzuri haizuii mvuke kabisa, inauchelewesha. Baada ya spreyi kukauka wiki nzima, pima upinde kwa mizani ya jikoni na uandike uzito wake kwenye mshikio kwa penseli au kwenye daftari. Upinde wa gramu 600 ukionekana umeongezeka gramu 25 mwezi wa Mei, hayo ni maji. Urudishe sandukuni siku kadhaa kabla ya kuuvuta kwa nguvu zote.