Daktari wa Mioyo Midogo

Tangu Juni 2025, gari la wagonjwa linalotoka Sengerema au Geita halisubiri tena kivuko cha Busisi. Linapita juu ya daraja la kilomita 3, linatokea Kigongo na kushika njia ya Bugando, hospitali ya rufaa ya Kanda ya Ziwa. Daraja hilo lilijengwa kwa miaka kama 5. Kumwandaa daktari wa kuupasua moyo wa mtoto huchukua zaidi ya 10.

Dk. Godwin Godfrey Sharau anaijua safari hiyo ya masomo. Alitoka Bugando akaenda Israel, Hospitali ya Wolfson mjini Holon, na kusomea upasuaji wa moyo wa watoto kwa takriban miaka 5. Shirika lililomgharamia ni Save a Child's Heart, lililoanzishwa mwaka 1995 na Dk. Amram Cohen, ambaye alifariki dunia mwaka 2001 akipanda Mlima Kilimanjaro. Godwin alirejea akiwa daktari bingwa wa kwanza Mtanzania katika fani hiyo. Baadaye alihamia Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam.

Wagonjwa wapo wengi. Katika kila watoto 100 wanaozaliwa, karibu 1 huwa na hitilafu ya moyo, kama vile tundu. Wengine huzaliwa wazima, kisha valvu zao huharibiwa na homa ya rumatiki, ambayo huanza na maambukizi ya koo yasiyotibiwa. Penisilini ikitolewa mapema huizuia.

Nchini, upasuaji wa kufungua moyo ulianza katika Hospitali ya Muhimbili mwaka 2008. Kabla ya hapo, aliyeuhitaji alitafutiwa nafasi nje, mara nyingi India.

Kijana anayeitamani kazi hii aanze na fizikia, kemia na baiolojia. Shahada ya udaktari ni miaka 5, mazoezi ya kazi mwaka 1, halafu umahiri wa upasuaji, kisha ubobezi.

Wala si lazima awe yeye anayeshika kisu. Moyo unaposimamishwa, kuna mtaalamu anayeendesha mashine inayosukuma damu, daktari wa usingizi, na wauguzi watakaokesha na mtoto ICU. Akikosekana mmoja wao, upasuaji huahirishwa, hata daktari bingwa akiwa tayari amenawa mikono.