Ukili Uliofichwa Chini ya Kitanda cha Bweni

Mwezi wa Juni, shule zifungapo, mabasi yatokayo kusini huingia Dar es Salaam yakiwa yamesheheni wanafunzi. Masanduku ya bati hufungwa kamba juu ya masanduku mengine, na kila mtoto hushuka na kifuko chake cha korosho kwa ajili ya wenyeji wake. Siku moja ya msimu huo nilikwenda Mbagala kumpokea binti wa dada yangu, asomaye kidato cha tatu katika shule moja ya misheni huko huko kusini. Alipofungua sanduku lake usiku ule, nikaona chini ya sare na madaftari bunda la ukili lililoviringwa vizuri, jeupe na jekundu, kubwa kama gurudumu la baiskeli ya mtoto.

Nilidhani ni zawadi kutoka kwa bibi yake wa Mandawa. Akatikisa kichwa. Ukili ule aliusuka mwenyewe, bwenini, kidogo kidogo, baada ya taa kuzimwa, na muhula mzima ulilala chini ya kitanda chake. Nikamwuliza kwa nini aufiche. Akasema, kwa sauti ya chini kidogo, kwamba wenziwe wangemcheka na kumwita mtu wa shamba.

Sasa, ndugu msomaji, uelewe kwamba shule ile ina klabu ya kazi za mikono, nayo ina sifa. Wasichana hukutana humo kila wiki, wakashona na kudarizi. Binti huyu ni mwanachama, na foronya alizozitia nakshi za waridi ziliwekwa mezani siku ya wazazi, zikasifiwa. Hakuna aliyemwuliza kama ajua kazi nyingine yoyote ya mkono. Waridi la Ulaya likapata meza, ukindu wa Mandawa ukabaki uvunguni.

Mandawa ni kata ya wilaya ya Ruangwa, mkoani Lindi. Wazee wa huko bado huzitaja Nachingwea na Ruangwa kama nyumba moja, kwani Ruangwa ilipata kuwa wilaya ya peke yake mwaka 1995. Wakazi wengi ni Wamwera, wakulima wa korosho, ufuta, mbaazi, muhogo na mahindi. Mtoto wa kike akuaye huko hukaa miguuni pa bibi yake wakati wa kiangazi, na kabla hajajua kusoma amekwisha kujua kuchana majani.

Wasiopata kuiona kazi hiyo huidhani rahisi. Makuti machanga ya mkindu hukatwa kabla hayajafunguka, yakaanikwa juani mpaka yakawa meupe. Kisha kila jani huchanwa kwa ukucha au kwa sindano kuwa chane nyembamba za upana mmoja. Chane moja ikiwa pana kuliko wenziwe, ukili wote hupinda. Zinazotakiwa kuwa na rangi huchemshwa ndani ya sufuria yenye rangi. Ndipo kusuka kuanze, chane juu, chane chini, na hapo ndipo ilipo hesabu. Msukaji anayetaka alama ya kidaka au ya mistari ipindayo hana budi kuzihesabu chane zake tangu mwanzo hata mwisho. Akikosea moja, nakshi yote huhama, naye hurudi nyuma kufumua. Ukili ukitimia urefu wake hushonwa ubavu kwa ubavu mpaka ukawa mkeka. Mwalimu wa hisabati atafutaye mfano wa mfuatano wa namba angeupata hapo bila ya kununua kitabu.

MISHENI NA KAZI YA MIKONO

Si kweli kwamba shule za Kikatoliki za kusini ziliidharau kazi ya mikono. Wabenediktini waliofika Lukuledi mwaka 1895 walikuwa na desturi ya kusali na kufanya kazi, na miongoni mwao walikuwamo mabruda maseremala, waashi na wafua chuma. Vita vya Maji Maji vya mwaka 1905 viliziteketeza misheni za Lukuledi na Nyangao, na mwaka uliofuata wakaanzisha kituo cha Ndanda, kando ya njia iendayo Masasi. Ndanda ikakua na hospitali, shule, karakana na kiwanda cha uchapaji, na vitabu vingi vya Kiswahili vilivyosomwa na wazee wetu vilitoka katika mitambo yake. Seremala aliyejifunza kwa mabruda hakukosa kazi popote.

Lakini itazamwe kazi iliyofundishwa. Ilikuwa randa, msumeno na pembe mraba. Ilikuwa meza, mlango na benchi la kanisa. Tezo ya Mmakonde, ambayo hung'oa sura ya mtu kutoka ndani ya gogo pasipo mchoro wowote wa karatasi, haikuhesabiwa kuwa somo. Wala ukili. Wala chungu kifinyangwacho kwa mkono bila ya gurudumu, kikachomwa uwanjani. Hayo yalihesabiwa mambo ya nyumbani, na mwanafunzi aliyavua langoni pamoja na nguo zake za nyumbani.

Ngoma ilikuwa na mkasa mzito zaidi, maana ilihusishwa na unyago na jando, na kwa miaka mingi mmisionari aliyeisikia usiku aliihesabu kuwa ni ya kipagani. Walioufungua mlango huo walikuwa Waafrika wenyewe. Padri Stephen Mbunga, mzaliwa wa upande wa Songea, alitunga Misa Baba Yetu kwa kufuata sauti za nyimbo za kwao, na mwaka 1963 kilitoka kitabu chake kuhusu sheria ya Kanisa na muziki wa Kibantu. Mwezi Desemba wa mwaka huo huo Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitoa hati juu ya liturjia, ikatoa nafasi kwa lugha na muziki wa kila taifa. Mwaka ule ule, kwa kadiri mambo yanavyopenda kukutana, Nachingwea ilifanywa kuwa jimbo la Kikatoliki. Mwaka 1986 jimbo hilo likabadilishwa jina kuwa Lindi.

Leo nenda shule yoyote ya Kikatoliki siku ya Jumapili: ngoma zi mbele kabisa, kayamba na manyanga yanatikiswa, na mwanakwaya apigaye ngoma vizuri ni mtu wa heshima bwenini. Hakuna amwitaye wa shamba. Hatua hiyo ilichukua muda, lakini ilifika. Lililofanyika kwa sikio halijafanyika kwa mkono.

MLINZI WA USIKU

Hata hivyo lipo jambo moja ambalo ningependa kila mlezi wa klabu za shule alijue. Mwaka 1972, hapa Dar es Salaam, Sista Jean Pruitt wa shirika la Maryknoll alianzisha Nyumba ya Sanaa, mahali pa vijana wasio na ajira kujifunza na kuuza kazi zao. Mmoja wa wasanii wa mwanzo alikuwa Mmakonde, Augustino Malaba. Malaba alikuwa na mpwawe kutoka huko huko kusini, George Lilanga, mchongaji asiye na soko, naye akamsaidia kupata kazi ya ulinzi wa usiku katika nyumba hiyo. Sista hakuanza kwa kumfundisha mlinzi yule namna ya kuchora. Alitazama alichokuwa nacho tayari, akampa nafasi na vifaa. Mashetani yale ya Lilanga yenye masikio makubwa na midomo ya kucheka, yaliyokuwa yakichongwa katika mti, yakahamia kwenye batiki, ngozi ya mbuzi na karatasi, na mwaka 1978 kazi zake zilionyeshwa Washington, Marekani. Lilanga alifariki mwaka 2005, naye anahesabiwa miongoni mwa wasanii mashuhuri kabisa waliopata kutoka nchi hii.

Si kila mlinzi ni Lilanga, na wala sidai kwamba binti wa dada yangu ataonyesha ukili wake ughaibuni. Ninachosema ni kwamba sista yule aliuliza swali ambalo klabu ya kudarizi haikuuliza.

MAPINDI YA ZIADA

Wapo watakaosema: Elimu ya Kujitegemea je? Naam, tangu Machi 1967 kila shule ilitakiwa iwe na shamba au karakana, na baada ya sheria ya elimu ya mwaka 1969 shule za misheni, Pugu na Ndanda zikiwamo, zilichukuliwa na Serikali chini ya siasa hiyo. Baadaye sekondari zikapangiwa michepuo ya kilimo, biashara, ufundi na sayansi kimu. Wazo lilikuwa jema. Lakini sisi tuliopita katika shule hizo twakumbuka jinsi jembe lilivyogeuka kuwa adhabu ya mchelewaji, na mtu hawezi kuipenda kazi aliyopewa kwa sababu ya kosa.

Kisha ukaja ushindani wa mitihani. Baraza la Mitihani la Tanzania lilianzishwa mwaka 1973, na miaka ilivyoendelea orodha ya shule kumi bora ikawa habari kubwa kuliko mpira. Shule nyingi za Kikatoliki ziling'ara humo, na wazazi tukazikimbilia. Gharama yake hatukuipigia hesabu: saa tisa na nusu ya alasiri, iliyokuwa ya klabu, ikawa ya mapindi ya ziada, kwanza kwa kidato cha nne, kisha kwa cha tatu, kisha kwa wote. Mdahalo, maigizo, skauti, utunzaji wa miti, vyote vikasukumwa hadi Jumamosi, siku ya kufua. Mwezi Januari 2023 Baraza liliacha kutangaza orodha ile, na mwaka uliofuata mtaala mpya ulianza kutumika, wenye mkondo wa jumla na mkondo wa amali. Hizo ni nafasi mbili. Mimi nina hofu moja tu, kwamba amali itafasiriwa tena kuwa ni randa na cherehani peke yake.

Klabu yenyewe haihitaji fedha nyingi. Vijana Wakatoliki Wanafunzi, wajulikanao kama TYCS, wana vikundi vyao vyenye mwenyekiti, katibu na mweka hazina, na wamezoea kupanga kazi pasipo kusubiri mwalimu. Roots & Shoots, iliyoanzishwa na Jane Goodall hapa Dar es Salaam mwaka 1991 pamoja na wanafunzi 12, nayo haikuanza na jengo. Ukindu huota kando ya mito na mabonde. Mwalimu yupo kijijini, ana miaka sabini, na nauli yake ni ya bodaboda. Neno lililo gumu hapo ni kumkalisha bibi huyo mbele ya darasa na kumwita mwalimu, mbele ya watoto ambao wamefundishwa kwamba mwalimu hushika chaki.

Wavulana wana kazi yao nayo. Mkoa wa Lindi ni nchi ya mpingo, mti ambao Wamakonde huchonga na ambao nchi za nje hutengenezea klarineti. Moyo wake ni mweusi na mzito hata huzama majini, na ganda lake la ndani ni jeupe la maziwa. Hukua polepole mno. Miaka 70 au zaidi hupita kabla gogo halijafaa. Mche mchanga huungua na moto wa kiangazi, ukachipua tena, ukaungua tena. Klabu inayopanda mipingo nyuma ya bweni, ikafyeka majani kuuzunguka kila mche kabla ya msimu wa moto, inawapandia wachongaji ambao wazazi wao hawajazaliwa. Ningependa kuiona shule ambamo waliofyeka asubuhi wanashika tezo jioni, wakionyeshwa na fundi wa kutoka kijijini jinsi ya kuusoma mti kabla ya kuukata.

Mzazi uendaye kumtembelea mwanao siku ya wazazi, utaonyeshwa maabara na orodha ya matokeo. Omba pia uonyeshwe ratiba ya klabu, uone kama saa yake ingalipo. Na ukimpata mlezi wa kazi za mikono, mwulize ni nani katika klabu yake ajuaye kusuka, kufinyanga au kuchonga kabla hajafika shuleni. Akijibu hajui, umemsaidia.

Nyumbani kwangu likizo imefika katikati. Rangi nyekundu ilikwisha, tukaipata Kariakoo, ingawa binti anasema si nyekundu ile ya bibi yake. Kila jioni hukaa barazani, watoto wa jirani wakamzunguka, na wawili kati yao wamekwisha jifunza kuchana bila ya kujikata. Alipofika alikuwa na pima 19. Kwa mkeka wa kitanda atahitaji kama pima 30, kwa hiyo zimebaki 11, na amekadiria kuzimaliza kabla ya kufungua shule, mkeka ushonwe huko huko bwenini. Nimemwuliza kama ataulaza juu ya kitanda au chini yake. Anasema bado anafikiri.